Uzito, Udongo na Nailoni: Historia ya Kufunika Sileji

Sileji ni malisho mabichi, hasa mahindi, mtama au majani, yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa mahali pamoja na kuzibwa yasipate hewa, ili yachachuke na kubaki lishe ya mifugo kwa miezi mingi baada ya mavuno. Kinachoyahifadhi si chumvi wala ukavu, bali ni asidi ya laktiki, ambayo hutengenezwa na bakteria waishio juu ya majani yenyewe wanapotumia sukari ya mmea pasipo na oksijeni, na ambayo kwa muda wa wiki mbili au tatu huishusha pH ya rundo hadi karibu 4, kiwango ambacho viumbe wengi waozeshao hawakivumilii. Maelezo haya leo yamo katika kila kijitabu cha ugani, yaani elimu ya kilimo ipelekwayo kwa wakulima, lakini historia ya ufundi wenyewe haikufuata mpangilio huo. Wakulima walifunika kwanza, wakaelewa baadaye, na kwa takribani miaka mia moja hawakuwa na hakika ya kazi ya kile walichokuwa wakikiweka juu ya malisho yao: kama kilikuwa mzigo wa kukandamiza au kizibo cha kuzuia hewa.

Wazo la kuzuia hewa ni la kale. Wakazi wa nchi za Mediterania walihifadhi nafaka katika mashimo ya chini ya ardhi, na mwandishi Mroma Marcus Terentius Varro, katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 37 kabla ya Kristo, alikwisha kueleza kwamba fukusi hawazuki mahali ambapo hewa haifiki. Lakini nafaka kavu hulala tu shimoni, ilhali majani mabichi huendelea kupumua saa nyingi baada ya kukatwa: seli zake huchoma sukari, hutoa joto na maji, na rundo lililoachwa wazi hupata fukuto kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana kwa karne nyingi mfugaji wa Ulaya alitegemea hei, yaani majani yaliyokaushwa juani, na majani yaliyorundikwa yangali mabichi aliyahesabu kuwa mali iliyokwisha kupotea.

Mifano ya kinyume chake ilikuwapo, ila ilitawanyika na haikuungana kuwa elimu. Mwaka 1786 John Symonds, profesa wa Cambridge, aliandika juu ya wakulima wa Italia waliotunza majani ya miti yangali mabichi katika mapipa na mashimo, na mwaka 1843 mkemia wa Scotland, James Johnston, alieleza desturi ya Wajerumani ya kukanyagia majani yaliyotiwa chumvi ndani ya mashimo na kuyafunika kwa mbao na udongo. Katika miaka ya 1860 Adolph Reihlen, mwenye kiwanda cha sukari karibu na Stuttgart, alifukia mahindi mabichi katika mitaro na kuyafunika kwa udongo uleule uliochimbwa, na habari zake zikachapishwa Ufaransa. Udongo ulikuwa kifuniko cha bure na chenye uzito wa kutosha, lakini ulikuwa na kasoro moja iliyomsumbua kila aliyeutumia: malisho yanapochachuka hushuka, na udongo ulio juu yake hushuka kwa mapande yasiyolingana, ukipasuka nyufa ambazo hewa na maji ya mvua hupenya. Mtaro wa udongo ulihitaji mtu wa kuuzungukia kwa wiki kadhaa akiwa na koleo mkononi, akiziba nyufa kabla hazijafika chini, na aliyechoka mapema aliyakuta matokeo miezi mitatu baadaye.

Aliyeufanya ufundi huu ujulikane duniani ni Auguste Goffart, mwenye shamba la Burtin katika Sologne, eneo la mchanga na madimbwi lililoko kusini ya mji wa Orléans, ambako hei nzuri ilipatikana kwa shida. Goffart alianza majaribio katika miaka ya 1850 na kushindwa mara nyingi kabla ya kupata mahindi mabichi yaliyodumu msimu mzima, kisha mwaka 1877 akatoa kitabu chake cha mwongozo, ambacho mara moja kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa New York. Utaratibu aliouandika ulikuwa mkali kwa kila hatua. Mahindi yalikatwa na mashine vipande vifupi vya kama sentimita moja ili yasiache nafasi za hewa kati yake, yakamwagwa ndani ya chumba cha mawe na saruji kwa tabaka zilizosawazishwa na kukanyagwa sana, hasa pembeni mwa kuta, kisha juu ikatandazwa nyasi kavu, juu ya nyasi mbao, na juu ya mbao mawe yenye uzito wa mamia ya kilo kwa kila mita ya mraba. Kwa Goffart uzito huo ndio uliokuwa siri ya kazi yote. Hewa, kwa maelezo yake, ilipaswa kukamuliwa itoke na kuzuiwa isirudi, na rundo lililokuwa likishuka kila siku lilihitaji mzigo unaoshuka pamoja nalo bila kupasuka kama udongo ulivyopasuka.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi kwa nusu, na nusu hiyo iliwagharimu wengi. Waliomfuata Marekani, ambako kitabu cha John Bailey wa Massachusetts cha mwaka 1880 kiliueneza ufundi huu kwa bidii ya mhubiri, walijenga vyumba vya mawe nusu chini ya ardhi, wakapanga mbao zikingame kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ili sehemu moja iweze kufunuliwa wakati wa kulisha huku nyingine zikibaki zimefunikwa, kisha wakabeba mawe. Kila jiwe lilipandishwa kwa mkono wakati wa mavuno na kuteremshwa kwa mkono wakati wa kulisha, na katika chumba cha ukubwa wa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya tani nyingi kila mwaka. Ni vigumu kusoma miongozo ya kipindi hicho bila kumhurumia kibarua.

Uingereza iliupokea ufundi huu kwa sababu ya mvua. Majira ya joto ya mwaka 1879 yalikuwa na unyevu wa kupita kiasi, hei ikaozea mashambani, na miaka michache iliyofuata wenye mashamba waliona sileji kuwa ndiyo njia ya kuvuna bila kungojea jua. Mafundi walitoa mashinikizo ya minyororo, skrubu na wenzo za kukandamizia rundo mahali pa mawe, na tume maalumu ikaundwa kuchunguza habari za sileji. Katikati ya msisimko huo, mwaka 1885, George Fry alitoa kitabu kilichofundisha jambo la kushangaza: malisho yaachwe kwanza yapate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, ndipo yafunikwe na kukandamizwa, kwa kuwa joto hilo, alivyodhani, lingewaua viumbe wa uchachu na kuacha sileji tamu. Sileji yake kweli ilikuwa tamu, ya rangi ya kahawia na yenye harufu iliyokaribia ile ya tumbaku, na ng'ombe waliila kwa hamu. Ilichukua muda kubainika kwamba utamu huo ulinunuliwa kwa bei kubwa, kwa maana sukari iliyounguzwa ndiyo iliyotakiwa kugeuka asidi, na protini iliyopikwa kwa joto hilo hufungamana na sukari kiasi kwamba tumbo la mnyama hushindwa kuisaga. Fry alikuwa mchunguzi makini kuliko wengi wa zama zake, na kosa lake linaonyesha jinsi kazi ya kifuniko ilivyokuwa haijaeleweka hata kwa walioifanya kila msimu.

Mawe yaliondolewa na umbo la jengo, na nadharia haikuwa na sehemu kubwa katika mageuzi hayo. Mwaka 1873 Fred Hatch alijenga ghala la kusimama la sileji katika wilaya ya McHenry, Illinois, na wakulima waliofuata waligundua kwamba rundo lenye kina cha mita kumi hujikandamiza lenyewe, tabaka za juu zikiwa mzigo wa tabaka za chini, hivyo kwamba mawe ya juu hayaongezi kitu cha maana. Kasoro ya maghala ya kwanza ilikuwa kwenye pembe, ambako malisho hayakushuka sawasawa na mahali pengine na yakaacha mianya ya hewa. Franklin King wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, baada ya kuchunguza maghala mengi, alipendekeza mwaka 1891 ghala la mviringo lisilo na pembe, na umbo hilo likatawala mandhari ya mashamba ya Marekani ya kati kwa miongo mingi.

Ghala la mviringo lilileta utulivu, na pamoja nao uzembe. Uso wa juu ulikuwa mdogo, kwa hiyo wengi walikubali tabaka la juu lioze na kutupwa, wakilihesabu kama ganda la mkate. Wengine walimwagia maji na kukanyaga, au walimalizia na mabua yasiyo na masuke ili kinachooza kiwe cha thamani ndogo, na wapo waliopanda shayiri juu ya sileji yenyewe, mbegu zikachipua kwa joto na unyevu wa rundo na mizizi yake ikafumana kuwa mkeka. Desturi hiyo ya mwisho inastahili kukumbukwa, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia walikwisha kuhama, bila kutangaza, kutoka fikra ya uzito kwenda fikra ya kizibo: mkeka wa mizizi hauna uzito wa kutajwa.

Kutoka Finland lilikuja jibu la namna nyingine. Artturi Virtanen, mkemia wa Helsinki, aliona kwamba hasara kubwa hutokea katika siku za kwanza, kabla bakteria hawajatengeneza asidi ya kutosha, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaleta njia iliyopewa herufi za mwanzo za majina yake, AIV, ambayo ilikuwa kunyunyizia majani asidi kali za madini, hidrokloriki na salfuriki, ili pH ishuke chini ya 4 papo hapo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1945. Asidi iliharakisha mwanzo wa uhifadhi, lakini haikuweza kushika mahali pa kifuniko, kwa sababu kuvu na baadhi ya hamira huvumilia uchachu kwa urahisi kabisa mradi zipate oksijeni, na hamira hizo huila hata hiyo asidi ya laktiki inayolinda rundo.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Uchachu huwazuia bakteria wa kuozesha waishio bila hewa, lakini hauna nguvu juu ya viumbe wahitajio hewa. Oksijeni ikipenya, hamira huamka kwanza na kuichoma asidi, pH hupanda, joto hupanda pamoja nayo, kisha bakteria wengine na kuvu huingia mahali palipokwisha kuandaliwa. Kwa hiyo ushindiliaji na kifuniko havifanyi kazi moja. Kushindilia hupunguza hewa iliyomo na kuziba njia za hewa ya baadaye kupita ndani ya rundo, ilhali kifuniko huizuia isiingie kamwe. Goffart aliyabeba yote mawili juu ya mbao zake bila kuyatenganisha.

Utengano huo ulilazimishwa na trekta. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mashine za kukata na kupakia zilifanya iwezekane kumwaga malisho kwenye kizimba cha kulala, yaani sehemu yenye sakafu na kuta mbili au tatu za zege isiyo na paa, na kuyashindilia kwa kupita juu yake na trekta. Kizimba kilikuwa rahisi kujenga na rahisi kujaza, lakini kilirudisha tatizo ambalo ghala la kusimama lilikuwa limelificha. Ghala la mviringo lenye kipenyo cha mita 5 na kina cha mita 12 lina ujazo wa mita za ujazo 235 hivi na uso wa juu wa mita za mraba 20 tu, ilhali malisho hayohayo yakilazwa katika kizimba chenye kina cha mita 2 hufunua uso wa karibu mita za mraba 118, mara sita ya ule wa kwanza. Tabaka lililohesabiwa kama ganda la mkate sasa lilikuwa sehemu kubwa ya mkate wenyewe. Waliokuwa na mtaji wa kutosha walikwenda upande wa pili kabisa, wakanunua maghala ya chuma yaliyopakwa kioo, ya rangi ya buluu, yaliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, ambayo ndani yake yalikuwa na mifuko mikubwa ya kuvuta na kutoa pumzi joto la mchana na baridi ya usiku vilipobadilisha ujazo wa gesi, ili hewa ya nje isigusane na malisho. Yalifanya kazi vizuri, na bei yake iliyatoa nje ya uwezo wa wafugaji walio wengi.

Kifuniko cha wengi kilitoka katika maabara isiyohusika na kilimo. Mwezi Machi 1933 wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson, katika kiwanda cha kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, walipata kwa bahati unga mweupe wenye kuteleza kama nta baada ya jaribio la gesi ya ethilini chini ya shinikizo kubwa kwenda kinyume na matarajio. Unga huo ulikuwa polithini, plastiki ambayo Waswahili wengi huiita nailoni ingawa nailoni ya kemia ni kitu tofauti. Uzalishaji wake ulianza mwaka 1939 na wakati wa vita ulitumika kufunikia nyaya za rada, na vita vilipokwisha watengenezaji walitafuta soko la raia. Kufikia miaka ya 1950 mapande mapana ya polithini yalikuwa yakijaribiwa juu ya vizimba pande zote mbili za Atlantiki. Kwa mara ya kwanza mfugaji alikuwa na kitu chepesi kisichopitisha maji, kinachopinda kufuata rundo linaposhuka, na ambacho mtu mmoja angeweza kukikunjua.

Wepesi huo ulikuwa neema na balaa. Karatasi ya nailoni isiyobanwa hupigwa na upepo, na kila inapoinuka na kushuka hufanya kazi ya mivuo, ikivuta hewa mpya chini yake, kiasi kwamba kifuniko kilicholegea huweza kuleta hasara inayokaribia ya rundo lililo wazi. Jua nalo huivunja plastiki isiyo na rangi kwa msimu mmoja, tatizo lililotatuliwa kwa kuchanganya masizi, yaani kaboni nyeusi, inayofyonza miale iunguzayo, na baadaye kwa kutengeneza karatasi yenye uso mweupe juu na mweusi chini ili rundo lisipate joto. Katika miaka ya 1960 wafugaji wa Dorset, kusini-magharibi ya Uingereza, walikuza mtindo wa kujaza kizimba kwa umbo la kabari, wakianzia ukuta wa nyuma na kusonga mbele kwa mteremko, huku kila jioni sehemu iliyojazwa ikifunikwa kwa nailoni hata kama kazi haijakwisha. Hoja yao ilikuwa kwamba hewa ya moto ipandayo kutoka kwenye malisho mapya huvuta hewa baridi kutoka pembeni, na kwamba ukiifunga njia ya juu usiku mmoja tu, mvuto huo hukatika. Hapa kifuniko kilikuwa kimekwisha kuacha kabisa kuwa mzigo.

Na bado mzigo ulirudi, safari hii kwa kazi ya kuishikilia nailoni isiende na upepo. Wafugaji walijaribu udongo, mchanga na marobota ya nyasi, na hatimaye wengi wakaishia kwenye matairi makuukuu ya magari, yaliyopatikana bure na yaliyopangwa yakigusana kutoka ukingo hadi ukingo. Mamia ya matairi juu ya nailoni nyeusi yamekuwa alama ya shamba la ng'ombe wa maziwa Ulaya na Marekani, ingawa si alama ya kujivunia. Tairi linalochakaa huachia vipande vya waya wa chuma, ambavyo vikiingia katika malisho humezwa na ng'ombe na kutoboa tumbo la pili, na maji ya mvua yanayotuama ndani yake huzaa mbu. Ndiyo sababu mashamba mengi yamehamia kwenye mifuko mirefu ya kokoto na nyavu nzito.

La kushangaza zaidi ni kwamba miongo kadhaa baada ya nailoni kupatikana, mashamba mengi makubwa ya Marekani hayakufunika kabisa. Wenyewe walikuwa na hoja: eneo lilikuwa kubwa, kazi ilikuwa chafu na ilikuja siku ambayo kila mtu amechoka na mavuno, na tabaka lililooza lilionekana jembamba, sentimita chache za weusi juu ya mlima wa malisho mazuri. Keith Bolsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, kwamba wembamba huo ulikuwa udanganyifu wa macho. Malisho yanapooza mbele ya hewa huteketea na kuwa hewa ya ukaa na maji, na kinachopotea hakiachi lundo la kutupwa bali huacha rundo fupi zaidi, hivyo sentimita chache za tope jeusi huweza kuwa mabaki ya tabaka lililokuwa nene mara kadhaa. Ili kuipima hasara isiyoonekana, watafiti hao walitumia majivu, yaani madini ambayo hayateketei: kadiri majivu yanavyozidi katika tabaka la juu kuliko katika malisho yaliyo chini, ndivyo ilivyo dhahiri kwamba sehemu kubwa ya malisho ya juu imekwisha kutoweka. Kwa kipimo hicho hasara katika karibu mita moja ya juu ya vizimba visivyofunikwa ilikuwa kubwa kupita makisio ya wenye mashamba wenyewe.

Kundi hilohilo lilifuata swali la pili, kwa kuwa wafugaji wengi hawakuitupa sileji iliyooza bali waliichanganya na nzuri. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2000, kiasi kidogo tu cha sileji iliyooza katika mgawo wa ng'ombe kilipunguza ulaji na usagaji wa chakula, na kilivuruga ule mkeka wa nyuzi ueleao ndani ya tumbo la kwanza ambao huyashika malisho yasagwe polepole. Hatari nyingine ilikuwa imekwisha kujulikana kutoka nchi za baridi: wafugaji wa Iceland walikuwa wakiuita ugonjwa wa sileji ule uwapatao kondoo, wanaozunguka upande mmoja na kuanguka, na baadaye ukahusishwa na bakteria aina ya listeria, ambaye hustawi palepale hewa inapopenya na uchachu kupungua, yaani chini ya nailoni iliyotoboka na pembeni mwa kuta. Hata nailoni nzima haikuwa ukuta kamili. Polithini huzuia maji vizuri lakini hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na huipitisha zaidi inapopata joto, ndiyo maana tangu mwanzo wa karne hii watengenezaji, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, wameendeleza utando mwembamba wenye tabaka za plastiki nyingine, kama vile poliamidi, ambazo oksijeni huzipita kwa shida kubwa mno. Utando huo hutandazwa moja kwa moja juu ya malisho, kisha hukingwa na kifuniko kigumu zaidi.

Katika Afrika Mashariki malisho ya kiangazi kwa muda mrefu yalihifadhiwa bila kukatwa. Wasukuma walitenga ngitili, maeneo yaliyofungwa wakati wa mvua ili majani yake yabaki yamesimama mpaka kiangazi, na Wachaga wa Kilimanjaro, waliofuga ng'ombe ndani kwa sababu ya ufinyu wa ardhi, waliteremka nyanda za chini kukata majani, na kuyaongezea migomba kama lishe. Sileji ilikuja na walowezi wa nyanda za juu za Kenya na ng'ombe wao wa Kizungu, na ikabaki jambo la mashamba makubwa hata baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia njia wakulima Waafrika wa Kenya kufuga ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Ufugaji wa ndani ulipoenea katika vishamba vidogo, hasa baada ya mradi wa kitaifa wa maziwa ulioanza Kenya mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi, majani yaliyotegemewa yalikuwa mabingobingo, ambayo Wakenya huyaita nepia. Majani hayo huzaa sana, lakini sukari yake ni kidogo na mashina yake ni magumu na hukaa na hewa, hivyo hayawezi kuachwa yachachuke yenyewe kama mahindi, na wagani walifundisha kuyachanganya na molasi iliyozimuliwa kwa maji.

Kifuniko cha sileji hiyo ya mabingobingo kilipatanisha karne mbili. Shimo huchimbwa kwenye mteremko maji yasituame, hutandikwa nailoni, majani yaliyokatwa hutiwa kwa tabaka zinazonyunyiziwa molasi na kukanyagwa kwa miguu au kwa pipa lililojazwa maji na kuviringishwa, kisha nailoni hukunjwa juu na udongo hurundikwa juu yake kwa umbo la mgongo ili mvua iteremke pembeni. Udongo wa Reihlen umerudi hapo, ila haupasuki tena hadi kwenye malisho, kwa maana ulipewa kazi moja tu, ya kubana, na kuziba kukaachiwa nailoni. Kinachosumbua ni panya na fuko, wanaotoboa kutoka chini, na ile tabia, inayoeleweka kwa mtu mwenye fedha kidogo, ya kuitumia nailoni ya mwaka jana yenye matundu.

Vitabu vingi vya sileji vilivyoenezwa katika kanda hii vilirithi vipimo vya nchi za vizimba vikubwa, na hapo pana jambo ambalo halikusisitizwa vya kutosha. Mtafiti wa Kansas aliposema juu ya hasara ya mita moja ya juu, chini ya mita hiyo kulikuwa na mita nyingine tatu au nne zilizo salama. Shimo la mfugaji wa Rungwe au Nyeri lina kina cha mita moja au moja na nusu, na lote ni tabaka la juu. Hakuna kiini kinachojilinda kwa ukubwa wake, wala trekta la kuondoa hewa ambayo miguu na pipa huiacha kati ya mashina, hivyo tundu moja lililoachwa wazi huharibu sehemu kubwa zaidi ya akiba ya mfugaji huyo kuliko ya mwenye kizimba cha tani elfu moja. Kwa kipimo hicho mfugaji mdogo ndiye aliyepaswa kupewa nailoni bora zaidi, na mara nyingi ndiye aliyepewa nyembamba zaidi.

Mfuko mrefu wa nailoni, ule ulio kama bomba na hufungwa kamba pande mbili, ni jibu jingine kwa mfugaji huyo mdogo, na miradi ya maziwa ya kanda, ukiwamo ule wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2008 katika Kenya, Uganda na Rwanda, iliueneza pamoja na mashimo. Nailoni yake kwa kawaida ni ya geji 1000, yaani yenye unene wa robo milimita, na mfuko mmoja huchukua kilo mia kadhaa. Kwa hesabu ya uso na ujazo ni chombo kibaya, kwa kuwa hakuna jani lililo mbali na plastiki, lakini faida yake iko wakati wa kulisha. Shimo likifunuliwa, uso wake hukaa mbele ya hewa kwa wiki nyingi, na anayekata sehemu ndogo kila siku huikuta sileji ya mbele ina joto kabla hajaifikia. Mfuko hufunguliwa, huliwa kwa siku chache na kwisha, huku mingine ikisubiri imefungwa kivulini, na wafugaji wenye ng'ombe mmoja au wawili hujaza mifuko midogo zaidi, kila mmoja ukitosha mlo wa siku moja au mbili, ili usibaki mdomo wa kufungwa tena.